Mia Mbili za Kadi Zimenipa Mama wa Pili

Wenzangu, leo nimeaibika, na aibu yenyewe imenipa mama wa pili.

Nawaandikia kutoka Macalder, nyuma ya karatasi ya programu ya mazishi ya mtu nisiyemjua. Mwezi huu zamu ya kuanzisha barua yetu ya kuzungushana ni yangu, na mlisema mmechoka na salamu, mnataka habari. Haya. Habari ndizo hizi.

Akinyi mnamkumbuka. Yule muuguzi wa Homa Bay niliyekuwa nikiwasimulia chuoni mpaka mnanifukuza chumbani. Leo usiku anapanda ndege kwenda Uingereza kusoma. Miaka mitatu! Jana basi lao la Nairobi lilisimama Kosele, kwetu, ninakofundisha, yeye na wazazi wake ndani, akanishika mkono dirishani akasema, "Ochieng, kesho nitakutafuta kwa macho pale uwanjani mpaka waniite." Mimi nikaitikia kwa kichwa tu. (Miaka minne ya mapenzi na sijawahi kumwambia kwamba nataka kumuoa. Nilidhani anajua.) Maneno sikuwa nayo, lakini pete nilikuwa nayo. Dhahabu ya Osiri, niliyonunua chembe kwa chembe kwa akina mama wanaoosha mchanga kule, mwaka mzima, mpaka fundi akasema sasa inatosha kidole chembamba. Kidole chake ni chembamba. Nakijua.

Shida ilikuwa kufika. Mtihani wa mwisho wa Kidato cha Nne niliusimamia mimi, leo saa mbili hadi saa nne asubuhi. Basi la baada ya hapo, na barabara ilivyooza na mvua, lingenifikisha Nairobi Akinyi akiwa angani. Ilibaki ndege. Kuna kampuni mpya ya ndege ndogo za bei nafuu, inaondoka Kisumu saa tisa alasiri.

Juzi basi nikaenda dukani kwa Abdi, pale sokoni. Abdi ndiye mwenye simu, tena ndiye mtu wa kwanza Kosele kuwa na kadi ya benki ya kulipia vitu. Hajawahi kulipia kitu nayo. Huwaonyesha wateja, anaipangusa kwa shati, anairudisha kwenye karatasi ya nailoni. Tukapatana: mimi nimpe pesa mkononi, yeye awasomee watu wa ndege namba za kadi.

Nikapiga. Akapokea msichana mwenye sauti ya kubembeleza.

"Viti vimebaki viwili," akasema. "Ukilipa kwa kadi kuna ada ya shilingi mia mbili."

"Ada ya nini?"

"Ya kadi."

"Lakini kadi si yangu. Ni ya Abdi."

"Ada ni ya kadi, bwana. Si ya mwenye kadi."

"Na nikilipa taslimu?"

"Hakuna ada. Njoo ofisini kwetu Kisumu."

Kwenda Kisumu na kurudi kungenila zaidi ya hizo mia mbili. (Hesabu nafundisha mimi. Nyamazeni.) Nikamwambia yule msichana kwamba kadi haili wala hailali, ada yake ya nini? Akasema sasa kimebaki kiti kimoja. Nikaweka simu chini kwa hasira.

"Mwalimu, lipa hiyo mia mbili uende uone bibi yako," Abdi akasema.

"Siwezi kulipia plastiki!"

Abdi akanitazama kwa huruma, halafu akakumbuka jambo. Alikuwa ameagizwa apeleke sukari kwenye mazishi Macalder siku ya leo. Marehemu ni Mzee Okelo, mfanyabiashara wa dhahabu aliyefia Nairobi, na mwili unaletwa kwa ndege ya kukodi. "Kuja iko na jeneza," Abdi akasema. "Kurudi haina. Pale jeneza ilikuwa wanafunga viti mbili. Kuna mtu anaitwa Ogutu anaandika majina. Unampa pesa mkononi, nusu ya bei ya Kisumu. Hakuna ada, hakuna kadi. Lakini ni ya watu wa matanga tu. Kaa kama mtu wa matanga, usiongee sana."

Nusu ya bei! Nilimkumbatia Abdi mbele ya wateja.

Leo saa nne na dakika tano nilikuwa juu ya magunia ya sukari kwenye pikapu yake. Suti nyeusi, viatu vimepigwa rangi, pete mfukoni imefungwa ndani ya kitambaa. Saa saba tukafika. Ndege ilikuwa imesimama nyasini, mbuzi wamelala kivulini chini ya bawa lake. Nilijiona jioni nikishuka Nairobi, nikiingia uwanja ule mkubwa, na yeye akigeuka.

Bwana Ogutu, mpwa wa marehemu aliyekuja na mwili kutoka Nairobi, alikuwa mezani na daftari.

"Wewe ni nani wa marehemu?"

"Rafiki."

"Wa wapi?"

"Homa Bay. Upande wa Kosele."

Kalamu ikasimama. Akanitazama kichwa mpaka viatu. "Kosele?" Akapokea pesa zangu, akaandika jina, akanishika kiwiko polepole. "Wewe kuja ukae mbele."

Nilidhani ni heshima ya suti.

Wakaniketisha mstari wa pili, nyuma ya mjane, Mama Perpetua. Nikafanya kama nilivyoagizwa na Abdi. Nikainamisha kichwa. Kwaya ikaimba. Kisha binti mkubwa wa marehemu akashika maikrofoni, akasema, "Baba, kila ukiondoka ulikuwa unasema hutakawia. Tulikuwa tunaangalia barabara. Hata leo mimi nimeangalia barabara."

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Maana mimi nilimwona Akinyi amesimama na masanduku yake, anaangalia mlango. Nilimtamani pale pale mpaka kifua kikauma. Miaka mitatu bila kusikia viatu vyake vyeupe vikija kwenye kokoto za shule. Machozi yakatoka. Si ya kuigiza, jamani! Nililia kwa sauti. Nikalia kuliko kwaya. Watu wakaanza kugeuka.

Nikavuta kitambaa mfukoni nijifute.

Pete ikaruka. Ikagonga kiti, ikaviringika taratibu, ikaenda kulala kwenye mguu wa mjane.

Mama Perpetua akaiokota. Akaigeuza. Akaushika mkono wa binti yake, akaiweka pete yangu kando ya pete aliyovaa binti. Ndugu zangu, zilikuwa mtu na pacha wake.

"Hii ni ya Osiri?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama." (Ukweli wangu wa pili tangu nifike, baada ya Kosele.)

"Nani alitengeneza?"

"Fundi wa Migori. Yule wa mguu mmoja."

Mama akapiga kelele iliyoamsha mbuzi chini ya ndege. "Ni yeye! Wuoda! Mwanangu!"

Akanivuta kifuani. Kumbe, kama nilivyokuja kuelezwa na shemeji wa marehemu kwa maikrofoni, watu wote wakisikiliza, Mzee Okelo alikuwa na desturi ya kumpa kila mtoto wake pete ya dhahabu ya Osiri akimaliza shule. Na kabla hajafa aliungama kwamba kuna mtoto mwingine wa kiume, wa nje, aliyelelewa upande wa Homa Bay, mwalimu au karani, hakumbuki vizuri. Ukoo mzima ulikuwa unamngoja leo ajitokeze. Sasa ametokea kijana wa suti, hakuna amjuaye, analia kuliko watoto wa nyumbani, na pete anayo.

"Mimi si mtoto wake!" nikasema.

"Ana uchungu," mzee mmoja akasema. "Mwacheni atoe."

"Baba yangu yuko hai! Anaitwa Samwel! Saa hii anachunga ng'ombe Kosele!"

"Huyo amekulea," Mama Perpetua akasema, "tutampelekea fahali."

Wakapiga makofi. Nyanya mmoja akanishika sikio, akalivuta kwenye mwanga. "Sikio ni ya Okelo kabisa." (Masikio haya ni ya mama yangu. Ulizeni mtu yeyote Kosele.) Kila nilivyokataa ndivyo walivyozidi kunionea huruma. Nikapelekwa kaburini, nikarusha udongo juu ya mtu nisiyemjua, nikiwa nimeshikwa mkono huku na huku nisizimie.

Saa kumi ndege ikawashwa. Nikachomoka mbio, suti na yote. Rubani akanizuia mlangoni.

"Pole sana kwa msiba. Wazee wamenikataza nisikubebe."

Na kweli wazee walikuwa nyuma yangu. Mtoto wa kiume hatoki boma la baba yake kabla ya kunyolewa kichwa kwa ajili ya msiba. Akitoka, ni mkosi kwa nyumba yote. "Omera, ndugu yangu, wewe ni Mjaluo, hii maneno si unajua?" mmoja akaniuliza. Ninayajua. Kwetu pia tungemzuia, na mimi ningekuwa wa kwanza kumshika suti.

Nikakaa chini nyasini. Mama Perpetua akaja akakaa kando yangu, na kanga zake mpya, kwenye matope. Akaninong'oneza, "Tangu mzee aseme, nimekutandikia kitanda. Kengele ya baiskeli ikilia nje, mimi natoka kuangalia kama ni wewe."

Nilikuwa nimefungua mdomo nipige kelele tena. Nikaufunga. Mwanamke huyu alikuwa anamtamani mtu asiyewahi kumwona, naye hajafika, na badala yake nimefika mimi, kwa sababu ya mia mbili. Niliona haya kuliko wakati wote wa siku. Nikamwambia yote polepole: Akinyi, Abdi, kadi, ada. Sijui aliamini kiasi gani. Lakini aliposikia "dirishani" na "sikusema kitu", alisimama wima.

"Ogutu! Wewe si unarudi Nairobi? Chukua barua ya kaka yako."

(Kaka yako. Bado.)

Nikachana kipande cha programu, nikaandika: "Akinyi, nataka kukuoa. Nilipaswa kukwambia jana dirishani. Vaa hii." Nikafunga pete ndani yake. Bwana Ogutu akaitia mfuko wa shati.

"Nitamjuaje?"

"Koti la kijani. Atakuwa anaangalia mlango."

"Uwanja huo mkubwa ni mbali na huu wetu. Kutakuwa na ada kidogo ya teksi."

"Ngapi?"

"Mia mbili."

Nililipa kabla hajafunga mdomo. Sikuuliza teksi inakula nini.

Akapanda. Kwenye kiti changu, pale lilipokuwa jeneza, waliweka gunia la dagaa wa omena la jamaa mmoja, wakalifunga mkanda. Kisha ndege ikakimbia nyasini ikainuka, na mimi niliitazama mpaka shingo ikauma, na hata ilipopotea nilibaki nimetazama pale pale.

Sasa ni saa kumi na mbili. Nimepewa sahani ya kwanza na paja la kuku, na watoto wananiita baba mdogo. Akinyi bado hajaitwa. Labda Ogutu yuko kwenye foleni ya teksi. Labda anamwona sasa hivi, labda amemkosa. Mimi nitajua barua yake ikifika, na barua ya Uingereza huchukua wiki tatu. Kabla ya kuondoka na pikapu yake, Abdi aliahidi kumleta baba yangu kesho aje aape kwamba mimi ni wake, lakini hawezi kufika kabla ya saa nne, na mwenye wembe anakuja alfajiri.

Kwa hiyo tafadhali msicheke, na mkiambiwa kadi ina ada, lipeni. Mimi kesho kichwa ni kipara. Akinyi akikubali, atarudi baada ya miaka mitatu, na nywele zitakuwa zimeshaota.