Taa za Mchana na Gari la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Sijapata kushtuka hivi tangu nioe. Baba mkwe anaacha kuendesha gari! Ametutangazia jioni hii sebuleni kwake, vikombe vya chai mkononi. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watu anawaona kama vivuli, ila taa anaziona vizuri. Jumatatu ijayo anafanyiwa upasuaji. Hata akipona, anasema, usukani basi tena. Gari lake jeupe atampa mkwe mmoja. Mmoja! Yaani mimi, au mwanyumba wangu, yule aliyemuoa mdogo wa mke wangu.

Mzee alikuwa mtahini wa madereva hadi alipostaafu. Amewafelisha nusu ya watu wa mji huu. Mimi alinifelisha mara mbili kabla sijamjua binti yake, na mara moja baada ya kumjua. Sasa ana sharti: gari litakwenda kwa mtu anayewasha taa mchana. Mchana! Jua linawaka! Nilidhani amechanganyikiwa. Akasema taa ya usiku ni ya kuona, ya mchana ni ya kuonekana, na Jumamosi atasimama getini kutukagua tukiingia.

Mwanyumba akatabasamu. Anauza bima, na hilo ndilo tabasamu lake la mtu aliyekwisha kukusainisha. Gari lake jipya lina taa zinazojiwasha zenyewe, ukitia ufunguo tu.

Langu ni la kijivu na betri imechoka. Ukiwasha taa, redio inanyamaza. Ndiyo maana mke wangu hupanda kilima kwa miguu kila asubuhi kwenda shuleni anakofundisha: asubuhi gari langu haliamki. Njiani nimemwahidi kwamba lile jeupe ni letu. Amesema ahadi zangu amezizoea, anachosubiri ni gari. (Yeye naye ana leseni, lakini hilo halihusiani na mambo haya.)

Jumanne, 4 Machi

Mkakati wa kwanza: kwenda kumjulia hali mzee huku taa zinawaka, ili Jumamosi anikute tayari niko moyoni mwake. Kutangulia si kufika, lakini kunasaidia.

Nikaegesha mbele ya baraza, taa zikimwangalia. Nikaziacha makusudi. Mzee akakaza macho, akauliza hizo taa ni za nani. Nikasema ni zangu, baba. Akaniambia vizuri, mwanangu. MWANANGU! Miaka yote hii ameniita "wewe".

Nikanogewa. Nikanywa chai ya pili. Nikamsifia mama mkwe maua yake, hata yaliyokauka. Nilipotoka, taa zilikuwa zimefifia, rangi ya chai ile ile. Nikapiga stata. Kimya. Si kukohoa, si kuguna. Kimya!

Na nani anaingia getini saa hiyo, taa kama macho ya paka? Mwanyumba. Akavua koti, akalikunja vizuri, akasema tusukume tu. Akasukuma yeye. Akasukuma mama mkwe, mwenye presha, na ndala zake miguuni! Mimi nilikuwa kwenye usukani kwa sababu kazi hiyo inahitaji utaalamu. Mzee alisimama barazani akituelekeza, na nilipokuwa natoka getini nilimsikia akiuliza huyo anayesukumwa ni yupi.

Mke wangu amezipata habari kabla sijafika nyumbani. Amesema mama yake amelala na maji ya moto kiunoni. Kisha akauliza kwa nini sinunui betri. Wanawake hawaelewi mikakati.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Sijui kwa nini watu wananidharau!

Mimi nauza mapazia. Dukani nina kile kitambaa cha fedha kinachoshonwa nyuma ya pazia kuzuia jua. Kinang'aa hadi unafumba jicho. Na mzee hahitaji taa, anahitaji mng'ao tu. Nikakata viduara viwili, nikavibandika kwenye vioo vya taa kwa gundi. Betri haiguswi. Jua ndilo linalofanya kazi.

Mchana nikaenda kuvijaribu. Nikasimama ng'ambo ya barabara, nikielekea baraza. Mzee akainua kichwa. Akanyanyua mkono! Ameniona! Nilitaka kulia kwa furaha.

Wingu likapita.

Mzee akashusha mkono. Jua likarudi, akaunyanyua. Wingu likapita tena. Jua. Wingu. Leo mawingu yalikuwa mengi, mepesi, yanakimbizana. Mzee akasimama na fimbo yake. Sauti yake ikavuka barabara: ni nani huyo asiye na adabu anayenipigia taa nyumbani kwangu? Kumpigia mtu taa bila sababu, kwake ni sawa na kumtukania mama yake. Zamani alikuwa akikufelisha papo hapo, anakushusha, unarudi kwa miguu.

Nikarudi kinyumenyume hadi kwenye kona. Kitu kikasema ko! Pipa la taka la jirani. Jirani akatoka kulalamika, akaona viduara vyangu, akauliza gari limepatwa na upele gani.

Gundi haitoki. Nimetumia kisu cha mezani hadi kimepinda, na mke wangu ameuliza kisu kimekuwaje. Nimesema mihogo. Hatujala mihogo mwaka huu.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nilichokiona kwa macho yangu, atakayebisha abishe.

Asubuhi kila kitu kilikuwa sawa. Betri nilikuwa nimeipeleka kwa fundi tangu jana, ikanywa umeme hadi ikashiba. Fundi alisema nisiitegemee kwa safari ndefu. Safari yenyewe si ndefu. Mke wangu alikuwa ametangulia kwa wazazi wake. Nikawasha taa. Taa za kweli! Upande wa kushoto kipande cha gundi kimebaki, lakini mwanga unapita.

Kwenye makutano makubwa nikaingia barabara kuu. Nikatazama kioo. Gari la nyuma yangu limewasha taa. La nyuma yake limewasha. La nyuma yake pia! Mstari mzima, hadi kwenye kona, taa mchana kweupe! Moyo ukanijaa. Nikajisemea: ona, mtu mmoja anaanza jambo jema, mji mzima unamfuata. Nikapunguza mwendo ili wasipate taabu. Nao wakapunguza. Nikapiga indiketa kwa heshima. Nao wakapiga.

Nikakata kulia kwenda kwa baba mkwe. Wakakata kulia. Hapo ndipo jasho lilipoanza.

Nikaingia getini. WAKAINGIA GETINI!

Ulikuwa msafara wa mazishi! Gari la maiti lilikuwa limevuka makutano, taa nyekundu ikawazuia wao, mimi nikachomoza katikati na taa zangu za mchana, nao wakanifuata wakidhani mimi ni wa kwao. Milango ikafunguka. Watu wenye nguo nyeusi. Mtu mmoja akanikabidhi shada la maua, nikalipokea. Ningefanyaje? Bibi mmoja akamwona mzee amesimama getini na fimbo, peke yake, mnyonge, akamwangukia shingoni kwa kilio. Mzee akauliza nani amekufa. Bibi akalia zaidi, akasema masikini, hata haamini.

Majirani wakasikia kilio kinatoka kwa mtahini, wakaja mbio. Mmoja, aliyefelishwa mara nne, alifika wa kwanza, akamkuta mzee yuko hai, na sitasema uso wake ulikuwaje. Mama mkwe alitoka jikoni, akaona shada mkononi mwangu, akakaa chini kwenye udongo. Nilitamani ardhi inimeze na gari langu.

Mzee alipoelewa, hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu kuna marehemu anasubiri makaburini bila watu wake, na hiyo ni aibu ya nyumba hii mpaka wafike. Mvua ikaanza papo hapo, mvua nzito, mchana ukawa kama magharibi.

Nikarukia gari langu. Stata. Kimya! Fundi yule!

Mwanyumba akasema ataongoza yeye. Taa zake zikajiwasha mbele, safi. Dereva wa kwanza wa msafara akamfuata, na kabla ya kutoka getini akakanyaga breki kwa nguvu, nusura amwingie kwa nyuma. Mzee akasogea, akakaza macho, akagonga buti la gari la mwanyumba kwa fimbo. Nyuma hakukuwa na taa hata moja! Zile za kujiwasha ni za mbele tu, za nyuma unawasha mwenyewe kwa mkono. Mzee akamwambia awashe. Mwanyumba akagusa hapa, wipa ya nyuma. Akagusa pale, redio. Gari lake mwenyewe! Mzee akasema, "Mbele bwana harusi, nyuma giza. Hawa wanaokufuata watakuonaje?"

Nikafurahi. Naandika ukweli, nilifurahi sana, nikiwa nimelowa na shada mkononi.

Basi mke wangu akatoka ndani na ufunguo. Hakuomba ruhusa. Akafungua gereji, akatoa lile jeupe, akasimama. Akawasha taa kubwa. Akashuka kwenye mvua, akalizunguka gari lote, mbele, nyuma, akifuta kila kioo cha taa kwa kitambaa cha kichwa chake. Akamwomba bibi yule aseme kama anaziona nyekundu za nyuma anapokanyaga breki. Bibi akasema anaziona, mwanangu. Mke wangu akarudi kwenye usukani, akaondoka taratibu, na msafara wote ukamfuata, taa nyuma ya taa, hadi wa mwisho.

Mzee alisimama kwenye mvua akizitazama zikipungua. Nikamsikia akimwambia mama mkwe kwamba alimfundisha yule mtoto kulizunguka gari akiwa hajafika kwenye usukani kwa urefu, na hakuwahi kumkumbusha tena. Sauti yake haikuwa sawa. Mimi nami niliguswa kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba hili linaweza kuniharibia.

Jumapili, 9 Machi

Gari jeupe amepewa mke wangu. MKE WANGU! Si mimi, si mwanyumba. Nimeuliza kama sharti lilisema wakwe. Mzee amesema sharti lilisema taa.

Ndugu wa marehemu wamekuja kumshukuru mke wangu. Walifika makaburini kabla ya jeneza kushushwa. Shada lao bado lilikuwa kwangu, wamelichukua.

Kesho mke wangu anampeleka baba yake hospitali kwa upasuaji. Nafasi hiyo wameisubiri muda mrefu, mzee ameipigia simu hospitali mara kadhaa kuhakikisha. Mke wangu ana furaha. Amesema kuanzia kesho na mimi nitakuwa nashushwa dukani. Kushushwa! Mbele ya wateja!

Gari jeupe sasa liko uani kwetu, nimelizunguka jinsi alivyofanya yeye. Nimefungua boneti. Nimeona jambo. Betri yake ni mpya, na ukubwa wake ni sawasawa na wa yangu. Kwa kweli nimeshangaa watu wenye leseni wasivyofikiri. Wote wanatazama taa! Hakuna anayetazama taa zinakula wapi.

Betri ya nyumba moja ni ya nyumba nzima. Safari ya hospitali ni fupi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimebadilisha betri alfajiri, spana moja tu. Kazi safi. Langu limewaka mara ya kwanza, taa nyeupe pe, redio inaimba! Nimezima haraka asisikie.

Mzee ameletwa tangu mapema, amekaa kiti cha mbele cha lile jeupe, mkanda umefungwa. Mke wangu amewasha taa, amezunguka gari, anafuta vioo. Namwona kupitia pazia. Anafuta muda mrefu. Kwa nini anafuta muda mrefu hivyo huku taa zinawaka?

Ameingia. Anapiga stata.

Nadhani ni baridi.

Anapiga tena. Mzee ameshusha kioo, ananyosha shingo, anasikiliza. Mtu asiyeona vizuri, masikio yake huwa makali mno.

Mke wangu amefungua boneti. Ananiita. Kwa jina langu lote, hadi la babu.

Hakuna wasiwasi. Nitamwambia nilimwona mwanyumba hapa jana.