Namba Iliyo Chini ya Kuku

Jumatatu, 3 Juni

Nimeliona gari la Baba! Kwa macho yangu mawili! Liko Kimanga, ndani ya paseli, uani kwa mzee mmoja, Papa Térence. Volkswagen, mgongo wa kobe, halina matairi, kijani. La Baba lilikuwa jeupe. Lakini rangi ni nguo tu, na nguo hubadilishwa.

Lilipotea mwaka wa 96, mwaka wa kukimbia vita. Baba alikuwa ameshafariki, mimi nilikuwa na miaka minane. Kila nikimuuliza Mama lilikwenda wapi, anasema: Fiston, kula chakula kinapoa.

Ninayo karatasi ya duane, ya ushuru wa forodha, yenye namba ya gari kwa mwandiko wa Baba: 116 482 907. Hiyo ndiyo silaha yangu.

Mama Capitoline ana miaka themanini na miwili. Nataka akae ndani ya gari la mume wake hata mara moja kabla Mungu hajamwita. Hilo tu. (Na watu wa hapa Rugenge wanione nikimfungulia mlango. Hilo pia.)

Mke wangu Blandine anasema nibishe hodi, nimuulize mzee. Kuuliza si ujinga, anasema. Aa wapi! Ukimuuliza mwizi, si anaficha?

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda Kimanga kununua mayai. Papa Térence alikuwa anatoka, tukasalimiana mlangoni; mke wake Mama Ernestine kaingia jikoni. Nikafungua kapo, kile kifuniko cha mbele, haraka. Pale pa kibati cha namba kuna matundu mawili matupu. Wamekitoa! Ushahidi!

Nikakimbia Nyamianda kwa fundi Manirakiza, aliyetengeneza magari hayo tangu ujana wake. Kanicheka. Kibati hata mtoto anaweza kukitoa na kukipachika kwingine, anasema. Namba isiyodanganya imegongwa kwenye chuma chenyewe, ule mgongo unaopita katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Moja na moja za mwanzo ni aina ya gari. Sita ni mwaka, 66. Ila mwaka wa kiwanda ulianza Agosti, kwa hiyo gari linaweza kuwa limezaliwa mwishoni mwa 65, likaandikwa 66. Kama mwaka wa shule.

Nimejisikia msomi jioni nzima. Nimemweleza Blandine mara tatu.

Alhamisi, 6 Juni

Aibu. Naandika kwa sababu daftari halicheki.

Nilivaa koti, nikashika daftari, nikamwambia Mama Ernestine naandika kuku wa chanjo. Mpango safi. Nilihesabu kuku wa uani, nikasema sasa tuone wa garini. Kufungua mlango, Yezu Maria! Kuku mwekundu ameketi kwenye kiti cha nyuma, katikati kabisa, juu ya mayai kumi na moja. Juu ya namba yangu!

Nikanyoosha mkono. Kanidonoa hadi damu. Mama Ernestine akapaza sauti: kuku anayeatamia haguswi, hata na serikali. Nirudi baada ya wiki mbili.

Kumbe amekwisha kuwaambia majirani. Wakaja na kuku chini ya kwapa, kwenye vikapu, mmoja ndani ya sanduku la shule. Nimeandika kuku mia moja arobaini na watatu, na majina ya wenyewe. Wananiuliza sindano zinafika lini. Nimesema hivi karibuni. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 8 Juni

Nilikwenda na blanketi. Wote wawili wako sokoni, nilihakikisha. Nikamfunika kuku, nikamshusha na mayai yake ndani ya kikapu, polepole, nikimwomba radhi. Nikainua kiti. Vumbi, kutu, manyoya. Nikasugua kwa kidole. Moja, moja, sita...

Kivuli mlangoni. Papa Térence!

Hakupiga kelele. Akaniuliza kama nimeona vizuri au anipe toroshi. Alinijua tangu siku ya mayai, kwa pua. Ni pua ya baba yangu. Mama Ernestine naye alijua. Aliniacha nihesabu kuku kwa sababu walikuwa hawajawahi kuhesabiwa.

Akafuta chuma kwa pindo la shati lake. Nikasoma kwa sauti: 116 482 907. Nikapiga kelele kwamba ni gari la Baba! Akasema ndiyo, ni lake. Nije kesho baada ya misa, nimuulize mama yangu. Kisha akamrudisha kuku mahali pake, kwa adabu kuliko mimi.

Jumapili, 9 Juni

Kila Jumapili baada ya misa Mama husema anakwenda kwenye Legio, kusali na wenzake. Leo nimemfuata, nikijificha kidogo nyuma ya wauza samaki wa ndagala. Akaenda moja kwa moja Kimanga. Akaingia garini, kiti cha mbele, upande wake wa zamani. Mama Ernestine akamletea chai. Anafanya hivyo kila Jumapili. Miaka!

Akaniona. Akaniita niingie, nikae kwenye usukani.

Akanisimulia: mwaka ule wa kukimbia nilishikwa na surua, nikalegea kabisa. Risasi zinalia, hakuna dereva anayekubali kutoka. Papa Térence, jirani tu wakati huo, hata kuendesha hajui vizuri, akanilaza kwenye kiti kile cha nyuma akanifikisha hospitali. Mama akamwambia gari ni lako, miye nimemupata mtoto wangu.

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema hakutaka nikue nikijiona nimebadilishwa kwa gari.

Nimelia. Mbele ya Mama, Papa Térence na kuku. Nimeomba msamaha, nimesamehewa, nimekunywa chai. Nimeapa: kuanzia leo, jambo likinisumbua, nitabisha hodi na kuuliza.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekumbuka kuuliza kuhusu moteri, injini yenyewe. Haimo! Papa Térence anasema iliuzwa zamani, hajui iko kwa nani sasa. Lakini mimi nimesikia kwa masikio yangu: kinu cha mahindi cha Ndikumana, hapa Rugenge, kinalia sauti ya Volkswagen. Na moteri ina namba yake.

Kesho naenda na gunia la mahindi. Nitajifanya kiziwi, ili nikisogea karibu na mashine wasishangae. Ndevu za bandia nimeshazipata.

Blandine ananiuliza kwa nini nisimuulize Ndikumana mwenyewe, maana ni mjomba wake, na jana tu alikula kwetu. Masikini Blandine. Hajui mambo ya namba.