Kilo Moja ya Vumbi

Jumatatu, 4 Agosti
Nimejipima kazini. Msimu wa karanga bado, mizani ya magunia imelala tu, na karani wake ni mimi. Kilo tisini na saba! Nikatoa moja ya kanzu, moja ya viatu na moja ya vumbi, kama tunavyowakata wakulima. Tisini na nne. Bado ni gunia zito.

Sababu: kamati ya mashindano ya mitaa imetangaza kwamba refa wa fainali ya Jumapili lazima kwanza azunguke uwanja mara sita kwa dakika kumi na tano. Mtihani ni Jumamosi, saa kumi alasiri. Miaka tisa napuliza filimbi hapa Kaolack, fainali sijapewa hata moja. Mshindani wangu ni Birane Seck, kaka wa mke wangu. Anaishi kwangu, anakula nami sinia moja, na bado ni mwembamba kama njiti. Yupo pia Mwalimu Arame, binti anayefundisha shule ya msingi, lakini huyo simhesabu.

Mambo makubwa siyataki. Mabadiliko madogo tu: (1) kijiko cha sukari badala ya cha wali, (2) chai, glasi ya kwanza tu kati ya zile tatu, ile chungu, (3) kutembea kila jioni. Mke wangu Seynabou asijue. Akijua yeye, kaka yake kajua.

Jumanne, 5 Agosti
Kijiko kimezua kicheko. Birane kaniuliza mbele ya watu nimemnyang'anya mtoto gani uji wake. "Gueye, ninyi tangu lini mkala kwa adabu?" Akina Seck na akina Gueye ni watani tangu enzi za mababu, hata kununa siruhusiwi. Nikakazana. Mkono ulikwenda mara tatu zaidi. Umechoka mkono, wali umekwisha vilevile.

Kisha nikagundua jambo. Kwenye sinia kila mtu hula kilicho mbele yake, na hakuna anayehesabu punje. Seynabou alipogeuka kuchukua maji, nikasukuma samaki wangu upande wa Birane. Akala. Nikasukuma karoti. Akala. Nilijipiga paja! Kwa nini nihangaike kupungua mimi, wakati anaweza kunenepa yeye?

Jumatano, 6 Agosti
Nimempa Birane kichwa cha samaki, muhogo wote na ukoko. Akaniombea maisha marefu. Maskini.

Jioni nimetembea mpaka kona ya soko, kwa Mama Nogaye, mjane anayekaanga maandazi. Nimekula matatu. Lakini nimekula nimesimama, na chakula cha kusimama hakikai mwilini.

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa! Seynabou ameona sili. Kasema mume asiyekula kwake ana kwake kwingine. Kama nataka mke wa pili nimwambie mapema, asije akashtukia vyombo vya mwenzake vikishushwa mlangoni. Niliapa. Akauliza mbona kila jioni natoka, na jana nimerudi nanukia manukato. Manukato yalikuwa ya kufukuza harufu ya mafuta ya maandazi! Lakini ningemwambia, Birane angejua. Nikanyamaza. Kumbe kunyamaza ndiko kubaya zaidi. Usiku huu nalala sebuleni.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimefumaniwa. Seynabou alimtuma Birane anifuate. Kanikuta kwa Mama Nogaye, andazi la tano mdomoni. Alicheka hadi akashika nguzo. Kisha akaweka sharti: nijitoe kwenye mtihani, naye atasema alinikuta msikitini. Nisipojitoa, atasema alinikuta kwa mjane, na hapo hatakuwa amesema uongo!

Filimbi au nyumba? Nikarudi mbio (mazoezi) nikaungama mwenyewe: mtihani, kijiko, maandazi. Nikaficha la samaki tu. Seynabou akapiga makofi. "Maandazi? Baba Kumba, wiki nzima moyo unanienda mbio, kumbe maandazi?" Akacheka, akafuta machozi kwa pembe ya khanga. Kaapa kwamba kesho atapika chakula cha mchana nisichokijua kwa mjane yeyote.

Jumamosi, 9 Agosti
Kapika sinia la harusi. Alikaa ubavuni kwangu, ananichambulia samaki kwa mkono wake. "Kula nione." Ningekataaje? Kila tonge lilikuwa kiapo. Birane naye, kwa mazoea ya wiki nzima, alivuka mpaka akala na upande wangu.

Saa kumi. Mzunguko wa tatu niliumaliza natembea. Wa nne sikuuanza. Birane alikwenda kama swala mpaka wa tano, akapiga magoti nyuma ya goli na kurudisha kila kitu. Muhogo niliutambua.

Mwalimu Arame alimaliza sita. Akaongeza wa saba, akitutazama.

Jumapili, 10 Agosti
Fainali tumeitazama kutoka kwenye mkeka, mimi na Birane, na maandazi aliyoninunulia Seynabou mwenyewe. Arame amepuliza vizuri. Inauma.

Kabla ya mechi nilipitia mizani, ufunguo ninao. Tisini na tisa! Nikatulia, nikafuata utaratibu: kanzu moja, viatu moja, vumbi moja, wali wa jana ambao bado haujawa mwili mbili, majonzi moja. Tisini na tatu. Nimepungua kilo nzima! Na Birane ameanguka. Kwa hiyo njia zangu zote mbili zinafanya kazi, ni muda tu uliokuwa mfupi.

Kwa fainali ya mwakani naanza kesho. Mwalimu Arame nimekwisha kumkaribisha kula kwetu kila mchana. Atakaa ubavuni kwangu, mahali samaki wanapofika kwa urahisi.

Seynabou ameuliza huyo binti ni nani wangu. Nimenyamaza, mpango usije ukavuja.