Makala Yangu Iko ku Paji ya Bantu

Leo nimepata haya ya mwaka muzima. Musome mpaka ku mwisho, juu niko na lombi, kintu ya kubaomba.

Bale bananijua banajua kazi yangu: nachoma bigunzi ya mahindi. (Mujomba wangu wa Kasungami, mwenye kunipatia ile bigunzi, anaambia bantu nilisoma miaka yote juu ya kuuzisha makala ya kupikia.) Naichoma bila hewa, natia potasi, naichoma tena mu tanuru ya labo ya universite, naiosha mpaka maji inatoka safi. Inabakia unga mweusi, laini kupita unga ya bukari, ugali. Ile unga inashika courant, umeme, na kuichunga. Tunatengeneza nayo kintu sawa betri.

Wiki iliyopita tanuru ikakufa. Nikabakia na unga ya kikopo moja tu, kikopo ya maziwa. Labo inavuja mvula, basi niliileta ku nyumba, nikaiweka juu ya kabati. Leo mugeni alikuwa anakuja kuiona: mama mumoja mwenye alizaliwa Kipushi na anatumika kazi Kinshasa, ku biro yenye kugawa feza ya labo. Taa ikiwaka mbele yake, tunapata tanuru mupya. Ikikataa, masomo yangu imeishia hapo.

Asubui, courant hakuna, giza. (Muntu wa betri, na hana hata taa ku nyumba. Muache.) Mama alishatoka, alienda misa, juu leo njo siku ya Majivu, Padiri anachora bantu musalaba ya majivu ku paji. Nikapapasa juu ya kabati, nikakamata kikopo, nikakimbia.

Ku labo, Prof mwenye kusimamia masomo yangu alifika na musalaba yake ku paji, akitoka misa ku paroisse, parokia yetu. Mweusi, inang'aa. Nikasema mu roho: mwaka hii ba mama ba kikundi ya majivu banachoma matawi ya mutende muzuri kweli. Mama yangu njo mukubwa wa ile kikundi, nikasikia hata furaha. (Mujinga ni mi.)

Nikachanganya unga na gundi, nikapakaa ku bibati mbili, nikatia mu maji ya chumvi, nikajaza courant ya groupe, jenereta, nikafunga taa kadogo ku waya. Bure. Nikagusa waya. Bure.

"Pengine inaomba wakati," mugeni akasema, na upole yenye kuumiza.

Prof akapeleka kikopo ku dirisha. Akasugua unga ku bidole. "Hii ni majivu."

"Hapana, Prof, ni kaboni."

"Na hii?"

Akatoa kipande ya jani ya mutende, yenye haikuungua.

Saa ile ile simu ikalia. Ni Mama. (Simu yangu inasikilika tu na haut-parleur, kipaza sauti, bote banajua.)

"Mwana yangu, ba mama bote banasifu majivu yangu! Mwaka hii haitoke hata na sabuni. Padiri anauliza nilichoma matawi ya wapi."

Nilikosa kwa kuweka uso. Mama aliweka majivu mu kikopo ya maziwa, juu ya kabati, pembeni ya yangu. Mu nyumba yetu tunakunywa maziwa ya namna moja tu.

Mu labo, bote bakageukia paji ya Prof. Naye akaigusa polepole.

"Kaa, Professeur," mugeni akasema.

Basi nikamukwangua Prof wangu ku paji na kisu ya labo, mbele ya bantu, karatasi chini ya kidevu. Alifunga macho sawa mutoto mwenye kunyolewa. Unga ilitoka kiloko, kidogo tu. Taa haikuwaka, lakini sindano ya kipimo ilicheza. Mugeni aliiona. "Ndege yangu ni kesho saa sita," akasema. "Leta yenye kutosha."

Nikakimbia ku Padiri. Anasema unga imebarikiwa, hairudi mu labo. Yenye kubakia ni ya misa ya mangaribi. "Ukiitaka, panga mustari sawa bantu bengine." Mama ananuna, anasema nimeharibisha jina yake ku kikundi.

Sasa lombi. Mwenye alienda misa ya asubui ku paroisse yetu, tafazali usinawe uso. Mwenye ataenda mangaribi, akitoka apite kwanza ku mulango wa kushoto ya kanisa. Mutaniona pale na kisu na karatasi. Kucheka hapana, juu paji ikikunjana unga inamwangika.