Mteremko Mtupu Hadi Kanisani

Alhamisi, 8 Oktoba

Namshukuru Mungu kwa kila kitu, hata kwa shemeji yangu Zenón. Bila yeye nisingenunua gari leo.

Binti yangu Nayra, mtoto wangu wa pekee, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Jana akaniambia, kwa upole wake ule, kwamba amemwomba mjomba wake Zenón ampeleke kanisani. Mjomba ana gari la spoti. Mimi nina kigari cha kubebea vitunguu. Chakula kilinishinda. Mwanangu apelekwe na mtu mwingine, na baba yake yu hai!

Asubuhi nikapanda hadi El Alto, mji ulio juu yetu, kwenye soko la magari. Nikayakuta magari mawili, mekundu, kama pacha, yametumika Japani lakini bado yanang'aa. Moja otomatiki, jingine la gia za mkono. Maisha yangu yote nimeendesha otomatiki, hata hicho cha vitunguu. Nikaushika mlango wa lile la otomatiki. Nani anatokea nyuma yangu? Zenón! Akauliza mbele za watu kama nimekuja kutafuta la kivivu kama lake.

Mdomo huu! Nikajibu kwamba otomatiki ni ya watu waliokufa ganzi mguu wa kushoto. Watu wakacheka. Muuzaji akacheka kuliko wote, akaniwekea mkononi ufunguo wa lile la gia.

Muuzaji mwenyewe alinishusha nalo hadi nyumbani. Nilimwambia kiatu kinanibana. Mungu ambariki.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimemwangukia mama mkwe. Mama huyu, Doña Plácida, ameendesha lori la bia katika milima hii tangu mke wangu Casilda yuko mgongoni. Nikamwomba anifundishe kwa siri. Akakubali. Mama mkwe kama huyu hakuna duniani.

La Paz haina tambarare. Tulikwenda uwanja wa mpira. Wachezaji walinung'unika, nikawashukuru kwa subira yao. Gari lilizima golini, likazima katikati, likazima kwenye kona. Mama mkwe alishikilia kofia yake kwa mikono miwili, akasema, "Mkwe, hiyo ni klachi, si mende. Iachie polepole!"

Mwishowe likaenda. Ila penye kilima kidogo tu, linazima na kurudi nyuma.

Ndipo akili ikanijia. Nyumba yetu iko juu. Kanisa liko chini. Nimeitembea njia nzima kwa miguu: mteremko mtupu! Nitatia gia ya pili mlangoni kwetu, mengine ni breki na Bikira Maria. Nani atajua?

Jumapili, 11 Oktoba

Tumelipeleka gari Copacabana, kwenye kanisa la Bikira kando ya ziwa, kubarikiwa. Mama mkwe ndiye aliyeendesha. Nilitangaza kwamba nampa heshima ya mzee.

Hila yangu ya leo ni nzuri mno. Gari likibarikiwa huwa na baba wa ubatizo, na baba wa ubatizo hawezi kulisema vibaya. Nimemteua Zenón! Maskini, alifurahi hadi akanikumbatia. Akanunua mashada ya maua, karatasi za rangi na fataki. Padre akanyunyiza maji. Sisi tukamwaga bia kwenye magurudumu, tukamwagia na ardhi, maana Pachamama, Mama Ardhi, naye ana kiu.

Nikawaza: magurudumu hayajanikosea kitu. Mwenye ugomvi nami ni klachi. Basi nikafungua mlango, nikaimiminia chupa nzima, kwa unyenyekevu. Mama mkwe akatikisa kichwa.

Zenón akaniambia kwamba baba wa ubatizo ana wajibu wake pia. Siku ya harusi atanifuata nyuma na gari lake, asibanduke. Nikamshukuru. Sikulitazamia hilo.

Jumatano, 14 Oktoba

Bia imekauka. Kule chini pananata kama gundi na pananuka kama kilabu. Nimeweka maua zaidi.

Siri nadhani imevuja: Casilda amenishauri nimwachie mama yake usukani. Zenón naye amenivuta kando, akaniambia taratibu tubadilishane funguo kwa siku moja: nichukue otomatiki yake, nimpeleke mwanangu kwa raha, yeye hatamwambia mtu. Aliyasema kwa moyo safi. Machozi yalinilengalenga. Nikamshukuru sana, nikakataa.

Jumamosi, 17 Oktoba

Harusi!

Nayra alipanda nyuma pamoja na bibi yake. Zile sketi za mama mkwe zilijaza nusu ya gari. Mimi usukanini, suti mpya. Gia ya pili, tukaanza kushuka. Majirani walipiga makofi. Nyuma yetu, Zenón. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Bolivia.

Kona ya tatu, fataki! Si za harusi. Wastaafu wameandamana, wamefunga barabara kwa mawe. Askari akanionyesha mtaa wa kushoto. Mtaa wenyewe umesimama kama ngazi.

Gari likazima. Nikawasha. Likazima. Nyuma yangu Nayra akasema padre ana harusi nyingine baada yetu, hatatungoja. Nikainua mguu wa klachi. Kiatu hakikuja! Kimenasa kwenye ile bia yangu. Tukarudi nyuma, taratibu, kwa adabu, hadi kwenye pua ya gari la Zenón. Pwaa!

Zenón akatoka. Akaitazama taa yake vipandevipande. Akalitazama gari langu. Akasema ni gari zuri sana.

"Mkwe, shuka," akasema mama mkwe. "Umeilewesha klachi, sasa itakusikiaje?"

Nilishuka mguu mmoja una soksi tu. Akakunja sketi, akapiga ishara ya msalaba, gari likapanda kama mbuzi.

Mimi nikakaa nyuma na Nayra. Akanishika mkono njia nzima, hakuuachia. Nikamwomba radhi. Nilitaka nimpeleke mimi mwenyewe, nikamwambia, hilo tu ndilo nililolitaka. Akaniegemea begani, maua na yote, akasema, "Baba, ungeendesha wewe ningeona kisogo chako tu."

Nililia hadi mlangoni pa kanisa. Tuliwahi. Nikamwingiza mwanangu kwa mguu mmoja wa kiatu.

Asante, Bikira. Asante, wastaafu. Sitajisifu tena maishani.

Jumapili, 18 Oktoba

Siku ya pili ya sherehe. Zenón ametimiza wajibu wake: hajasema neno kuhusu jana. Hata moja! Kimya hicho kilinichoma. Watu wangejuaje kwamba kosa lilikuwa la klachi? Ikabidi niwaeleze mwenyewe. Baada ya chupa kadhaa nikaeleza pia kwamba mtu aliyezoea gia za mkono huendesha chochote chenye magurudumu.

Mama mkwe akasema lori lake limewekwa injini mpya na Jumapili ijayo linahitaji mtu wa kulipeleka Copacabana kubarikiwa.

Nani alisimama kabla hajamaliza? Mimi! Wote wakashangilia. Nina ukoo mzuri sana, namshukuru Mungu.

Lori lina gia kumi. Nimeshaitafakari njia. Ukiondoa milima, ni mteremko mtupu.