Kijitabu cha Serahangi

Jumatatu, 3 Machi

Bahati imenikumbuka! Chuo cha mabaharia kimebandika tangazo nje ya posta. Wanamtafuta baharia mstaafu awaandikie wanafunzi kijitabu cha maneno ya meli, kila neno na maana yake. Mstari wa mwisho ndio ulionidondosha mate: mwandishi atasafiri na wanafunzi siku tatu kwenye meli ya chuo.

Siku tatu! Miaka kumi na moja sijakanyaga sitaha. Nikaukumbuka mnyororo wa nanga ukishuka, ule mngurumo unaopanda kutoka kwenye nyayo hadi kwenye meno. Machozi yakanilengalenga palepale. Mlinzi wa posta akaniuliza kama nimepata barua ya msiba.

Fomu ilitaka cheo changu cha mwisho. Nikaandika serahangi, yaani mkubwa wa mabaharia wa sitahani. Si uongo mkubwa. Nilikuwa mpishi wa meli miaka ishirini na miwili, na serahangi alikula kwangu kila siku.

Jumanne, 4 Machi

Nimekubaliwa! Mkuu wa chuo ni mwanamke kijana, aliwahi kuwa afisa wa meli. Ananiita mzee wangu, tena kwa adabu. Furaha ilidumu dakika kumi. Kwenye korido nikakutana na Grisi.

Grisi alikuwa fundi wa mashine kwenye meli yetu. Hata shati lake la harusi lilikuwa na doa, ndiyo maana ya jina. Anawafundisha wanafunzi mambo ya injini, na yeye pia anasafiri. Akaiona fomu yangu mezani. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akauliza ni serahangi gani huyu aliyekuwa akitufukuza na mwiko tukigusa mkate wa pili. Nikamsihi anifichie. Akasema atanyamaza, maana anataka kuuona mwisho wake. Roho mbaya!

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika kutwa nzima. Nayanakili hapa kwa kumbukumbu.

Shehena: mizigo inayobebwa na meli. Vitunguu vya mpishi havimo.

Farumi: uzito unaowekwa chini ya meli isiyo na shehena, isije ikapinduka. Baharia naye asianze zamu na tumbo tupu.

Mrama: meli inapolala ubavu huu ikainukia ule. Funga mifuniko ya sufuria.

Omo ni mbele ya meli, tezi ni nyuma. Hili halikunisumbua.

Nilipofika kwenye mrama, mkono wangu wenyewe ulishika ukingo wa meza. Miaka yote hii, mkono bado unangoja wimbi! Nikakaa hivyo muda mrefu. Nilikumbuka jiko langu dogo, sufuria zimefungwa kwa waya, na vijana wa zamu ya alfajiri wakipanga foleni mlangoni, nywele zina chumvi. Mke wangu akasoma ukurasa, akasema kijitabu kinanuka vitunguu. Nimefuta sufuria, nimeandika vifaa.

Ijumaa, 7 Machi

Limebaki neno moja: upande wa kulia wa meli. Nikafumba macho, nikajirudisha kazini, nikasimama mahali pangu. Mkono wa kulia, mwanga wa taa nyekundu unapenya mlangoni. Mkono wa kushoto, wa kijani. Naona vizuri kama jana! Nikaandika: upande wa kulia ndio wenye taa nyekundu. Kijitabu kimekwenda kuchapwa. Nimeshatoa begi langu la safari juu ya kabati.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya. Mazoezi ya kufunga gati, kwa boti ndogo ya chuo. Mkuu alisimama gatini, akapaza sauti kwamba tunafunga kwa ubavu wa kulia, tuning'inize matairi ya kukinga. Wanafunzi wakafungua kijitabu, wakakimbilia kwenye taa nyekundu. Binti mmoja akasita. Akauliza kama kulia si huku, akanyoosha mkono. Nikamkemea. Nikamwambia meli haina mikono.

Matairi yakaning'inia vizuri sana, upande wa bahari. Ubavu mtupu ukakwangua gati kutoka omo hadi tezi. Hakuna aliyeumia, ila rangi imekwisha.

Mkuu akaniuliza kwa upole nimeipata wapi maana hiyo. Kabla sijajibu, Grisi akashindwa kuvumilia. Akaeleza kwamba kulia kwa meli huhesabiwa ukitazama omo, na jiko la meli yetu lilitazama tezi. Mpishi huyu, akasema, amezunguka dunia kinyumenyume. Wanafunzi walicheka. Mimi sikucheka. Ni kweli, sikuwahi kuona tunakokwenda. Nilikuwa naona tulikotoka tu, na nilipendezwa nako. Nimepigwa chini, Grisi ndiye atakayerekebisha kijitabu.

Jumatano, 12 Machi

Mkuu amekuja nyumbani mwenyewe! Mpishi wa meli ya chuo kavunjika mkono. Meli inaondoka kesho saa mbili asubuhi. Akasema mzee wangu, nafasi ni yako, Grisi amenihakikishia kwamba hajawahi kula vizuri baharini kama alivyokula kwako. Mke wangu alikuwa ameshatia mashati mawili begini kabla mgeni hajamaliza chai.

Nilitaka kusema ndiyo. Mungu anajua nilivyotaka. Lakini akilini nikawaona wale wanafunzi waliocheka, nami nawapakulia sahani. Nikasema serahangi hashiki mwiko. Mkuu akatazama sakafu, akaaga. Mke wangu akayatoa mashati, akayakunja polepole.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda gatini, kukagua tu. Saa mbili kamili kamba zikafunguliwa. Grisi alisimama sitahani akaniita kwa mikono yote miwili, kama vile bado ingewezekana kuruka. Nikamgeuzia kisogo. Nilipogeuka tena, kati yetu palikuwa na maji mengi. Nikalia, na sioni aibu kuliandika.

Njiani kurudi nikapita ofisi ya bandari. Wanamtafuta mstaafu wa kuwaelekeza wageni, na kila mwezi atapanda meli moja kubwa. Nimekaa kwenye benchi lao nikatafakari kwa makini nilipokosea. Nimepaona. Kosa langu lilikuwa kujishusha: serahangi anaweza kuulizwa maswali na mtu yeyote. Fomu nimeshaijaza. Safari hii nimeandika nahodha.