Miaka Mitano ya Musyoka

Leo sina uso. Niko nyumbani hapa mtaani Umoja, nimefunga mlango, nimevuta pazia, na mguu wa kulia bado unanichoma kama umekaliwa na siafu. Jirani akija kubisha, mwambieni nimesafiri.

Na kabla hamjaanza kucheka, nataka ijulikane kwamba kosa si langu peke yangu. Ni la kampuni za meli! Nani aliwaambia wabadilishe masharti bila kutuarifu sisi ambao tulikuwa tumeshafanya mazoezi?

Nianze mwanzo. Mwaka jana nilimwahidi binti yangu Mueni kwamba akifaulu mtihani wa darasa la nane, nitaipandisha familia nzima meli ya utalii, ile inayotoka Mombasa na kuzunguka visiwani siku nne. Niliahidi nikijua hesabu inamshinda. (Baba gani hajawahi kufanya hivyo?) Mtoto akafaulu! Tena akafaulu mpaka mwalimu mkuu akamtaja mbele ya wazazi wote. Tangu siku hiyo nikirudi kutoka kazini, kabla sijavua viatu: "Baba, meli ni lini?" Majirani nao wakawa wameshaambiwa. Mama wa nyumba ya pili alikuja kunipa orodha ya viungo nimletee. Kurudi nyuma hakukuwezekana.

Nikaenda mjini, kwenye ofisi moja ya mambo ya safari, nikapewa vijitabu viwili vyenye picha za kung'aa. Kimoja chekundu, kimoja cha buluu. Kampuni mbili, meli mbili. Nikavisoma wiki mbili nzima. Nilivisoma kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote, na bado nikakuta Mueni amekata jalada la kile chekundu akafunikia daftari lake.

Mama Mueni, mke wangu, aliipenda meli ya buluu.

"Hii iko na walezi wa watoto," akasema. "Na wameweka ua kuzunguka bwawa la kuogelea. Hiyo yako nyekundu iko na nini?"

"Iko na haya maneno," nikamwonyesha kwa kidole. "Watoto wa chini ya miaka sita, bure."

"Na wewe uko na mtoto gani wa chini ya miaka sita?"

Nilimtazama tu Musyoka, kitinda mimba wetu, aliyekuwa amelala kifudifudi sakafuni akipanga vifuniko vya chupa.

Musyoka ana miaka tisa. Sawa. Lakini nawauliza nyinyi mnaopanda basi la nyumbani kila Desemba: mtoto anayepakatwa huwa analipa? Halipi! Kondakta akiuliza, unasema huyu bado mdogo, unamvuta mapajani, mambo yamekwisha. Mimi mwenyewe nilipakatwa kutoka Nairobi mpaka Kitui miguu yangu ikiburuta sakafuni. Hakuna aliyeniita mwizi. Sasa basi na meli vina tofauti gani? Vyote vinabeba watu.

"Mimi ni mwalimu wa Sunday school," Mama Mueni akasema. "Huo uongo siusemi. Lakini wewe ni mume wangu, sitakuaibisha. Mimi sitafungua mdomo."

Nikaona hiyo ni ruhusa.

Nikaanza kumfundisha Musyoka. Nilimwahidi soda nzima, chupa yake mwenyewe, isiyoguswa na dada yake. Kila jioni: "Una miaka mingapi?" "Mitano!" "Uko darasa gani?" "Nasari!" Nikamwambia kwamba watu wa ofisini ni wajanja, watamzunguka. "Kwa hivyo hata mimi mwenyewe nikikuuliza, hata nikikasirika, hata nikikuambia sema ukweli, ni mitano. Umeskia?" Akasema ameskia. Nilimshtukiza akipiga mswaki. Mitano. Nilimwamsha usingizini. Mitano! Nilijivunia, siwafichi.

Juzi nikapitia soko la mitumba la Gikomba nikamchagulia nguo za kazi hiyo: kaptura fupi sana na shati la manjano lenye picha ya bata. Leo asubuhi alipojiona kwenye kioo alikaribia kulia.

"Buda, maboyz wakiniona na hii bata, nitahama mtaa!"

"Bata ndiye atakupandisha meli. Vaa."

Tukaingia ofisini saa nne, sote wanne. Ofisi ina zulia, ina feni, ina televisheni inayoonyesha video ya meli watu wakila nanasi. Kando walikuwa wameketi wateja wengine wakisubiri, mabwana wawili wenye tai na magazeti, na mama mmoja mnene mwenye mkoba wa ngozi. Mhudumu wetu alikuwa dada mmoja mpole aitwaye Bi. Nafula. Akatusalimia vizuri, akatuletea viti vinne.

Mimi nikaketi na kumvuta Musyoka mapajani.

"Baba, kiti cha mtoto ni hiki hapa," akasema Bi. Nafula.

"Aah, usijali, dada. Huyu bado anapakatwa."

Ndugu zangu, mtoto wa miaka tisa anayekula githeri yangu ni mzito! Kichwa chake kilikuwa mbele ya uso wangu, ikabidi niongee nikichungulia kando ya sikio lake. Miguu yake ilifika chini na kubaki. Mueni alikuwa ametazama dirishani, mabega yakimtikisika. Mama Mueni alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili na kufunga mdomo, kama alivyoahidi.

Bi. Nafula akachukua fomu na kalamu ya wino. (Kumbukeni, ya wino.)

"Huyu kijana mzuri ana miaka mingapi?"

"Mitano!" Musyoka akajibu kwa sauti nyembamba ambayo sikumfundisha.

Bi. Nafula akampa karatasi yenye picha ya samaki na kalamu za rangi. Mtoto akazishika kwa ngumi, akapaka samaki mpaka akatoka nje ya samaki, akapaka na meza kidogo. Nikajisemea, huyu Mungu amempa kipaji. Nusu saa ikapita tukiulizwa majina, mtaa, kazi. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umeshaaga dunia.

Halafu dada akainua kichwa, na uso wake ukawa wa huruma.

"Pole sana, baba. Kuna tatizo la huyu mdogo. Tangu mwezi uliopita, hii kampuni nyekundu imeacha kuchukua watoto wa chini ya miaka sita. Na ile ya buluu haijawahi kuwachukua. Kwa hivyo familia yenu haiwezi kusafiri naye."

"Haiwezi?"

"Haiwezi. Na ni bahati mbaya kweli, kwa sababu meli ya buluu msimu huu inachukua mtoto mmoja wa shule bure, kama anakuja na wazazi wote wawili. Awe na miaka minane hadi kumi na miwili. Angekuwa mkubwa kidogo tu!"

Mueni akaacha kutazama dirishani. Alinitazama mimi, na macho yake yalikuwa yameanza kujaa. Hapo ndipo moyo uliponipasuka. Mtoto amesoma kwa taa ya mafuta siku stima ilipopotea, na safari yake inaenda kuzama kwa sababu ya bata wa Gikomba!

Nikakohoa.

"Dada, nadhani nilikosea. Huyu ana tisa."

"Tisa?"

"Tisa."

"Baba, saa hizi tu alikuwa na mitano."

"Hawa watoto wanakua haraka."

Bi. Nafula akaweka kalamu chini. Akamgeukia Musyoka, akaongea naye taratibu. "Kijana, niambie wewe mwenyewe. Una miaka mingapi?"

"Mitano."

"Musyoka," nikasema, "mwambie auntie ukweli."

"Mitano."

"Mazoezi yameisha. Sasa ni ukweli kabisa. Sema!"

Akageuka mapajani mwangu, akanitazama usoni, akanikonyeza. Alinikonyeza! Mbele ya Bi. Nafula! Mtoto alidhani huu ndio ule mtego niliomwonya, na akaona baba yake anaucheza vizuri.

"Saba mara nane ni ngapi?" nikamuuliza, jasho likinitoka. Anaijua! Anaiimba bafuni!

"Mbili," akasema, akatia kidole gumba mdomoni.

"Uko darasa gani?"

"Nathari." Na kitembe akaongeza, bure, bila kuombwa.

Nikapandisha sauti. Nikamwambia nitamchapa. Musyoka akaangua kilio cha mtoto mchanga, kilio chenye kwikwi, halafu akasema maneno ambayo nitayasikia mpaka siku ya kufa kwangu: "Baba, nataka thuthu. Nifungue vifungo!"

Nikainuka ili nimtoe nje tukaelewane kiume. Nilisahau kwamba mguu wa kulia haupo. Tulianguka sote wawili, mimi chini, yeye juu, na ile meza ndogo ya vijitabu ikatufuata. Meli nyekundu na meli za buluu zikatufunika.

Yule mama mnene akasimama.

"Hii ni aibu!" akapaza sauti. "Yaani mwanamume mzima analazimisha mtoto wa nasari aseme ana miaka tisa, ndio apate safari ya bure? Hebu achana na huyo mtoto!"

"Kabisa," akasema bwana mmoja wa tai. "Watu wengine hawana haya."

Sasa niambieni. Niambieni nyinyi! Asubuhi nzima nilikuwa nikidanganya na hakuna aliyenishtaki. Nimesema ukweli mara moja tu, na ndio naitwa mwongo! Nililala pale kwenye zulia nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, maana kila niliyetaka kumfokea alikuwa sahihi kwa yale aliyoyaona.

Ndipo Mama Mueni akafungua mkoba. Bila kusema neno akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua, akailaza mezani mbele ya Bi. Nafula. Ilikuwa ripoti fomu ya Musyoka ya muhula uliopita. Alikuwa nayo muda wote! Muda wote mimi nikitokwa jasho!

Bi. Nafula akaisoma kwa sauti, ofisi nzima ikisikiliza. "Darasa la tatu. Umri, miaka tisa. Nafasi, wa nne kati ya hamsini na wawili. Maoni ya mwalimu: ni mwerevu ila anaongea sana."

Musyoka akatoa kidole mdomoni. "Mathe, umetuchoma!" akamlalamikia mama yake kwa sauti yake halisi, na yule mama mnene akaketi polepole.

Nilitarajia tufukuzwe. Bi. Nafula hakutufukuza. Alinisubiri nitambae mpaka kwenye kiti, halafu akaongea kwa sauti ya chini, na ingekuwa heri angenitukana.

"Baba, umri hatuulizi kwa sababu ya nauli peke yake. Kule baharini kila mtoto anawekewa jaketi lake la kuelea, na tunalipanga kwa umri mliotupatia. Huyu angepata la mtoto wa miaka mitano. Siku ya shida lisingemshikilia."

Nilimtazama Musyoka na bata wake, shati limepanda mpaka kitovuni kwa udogo, nikalivuta chini limfunike tumbo. Nilijisikia vibaya, na ninasema wazi kwamba nilistahili. (Lakini masharti wangetangaza mapema. Hapo sitoki.)

Bi. Nafula akachana ile fomu ya wino, akachukua nyingine. Meli ya buluu, ile ya walezi na ua, ile ambayo Mama Mueni aliichagua tangu siku ya kwanza bila kusoma wiki mbili. Mueni, miaka kumi na minne. Musyoka, tisa, bure kwa haki kabisa. Mueni akamkumbatia mama yake. Mimi hakuna aliyenikumbatia. Palipoandikwa mkuu wa familia, dada hakuniuliza hata kidogo, akaandika jina la mke wangu.

Jina langu lilikuja mwisho, chini ya la Musyoka.

"Na wewe, baba, una miaka mingapi?"

"Arobaini na miwili."

Kalamu haikushuka. Bi. Nafula akamgeukia mke wangu.

"Mama, ni kweli?"

Mabwana wa tai wakakunja magazeti ili wasikie. Mama Mueni akanipima kuanzia viatu mpaka kipara, bila haraka.

"Andika tu," akasema. "Lakini tumia penseli."

Tunasafiri mwezi ujao. Mkinikuta dukani niulizeni habari za kazi, habari za mvua, chochote. Ukitaka kujua umri wa mtu yeyote wa nyumba hii, nenda kamuulize mkuu wa familia, na tafadhali, ucheke ukishafika kwako.